Pigo Linalopimwa

Anayetazama eskrima, sanaa ya mapigano ya fimbo ya Ufilipino, kwenye simu huondoka na kasi tu kichwani. Fimbo mbili zinazunguka hata jicho linashindwa kuzifuata, mlio unapokea mlio, na kabla hujajua nani kapiga na nani kapangua, mmoja amekwisha kupokonywa silaha. Kasi hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyonivuta kulipa ada na kushinda wikendi nzima kwenye semina ya sanaa hii hapa Dubai. Kilichonishika huko, hata hivyo, ni kitu kingine ambacho video hazikionyeshi kwa kuwa hakina papara: namna mwalimu anavyompigia mwanafunzi wake. Katika tawi la eskrima nililolishuhudia, mwalimu ndiye anayeshambulia tangu asubuhi hadi jioni, na ufundi wake wote umo katika kulipima kila pigo, lisimzidi aliye mbele yake wala lisimpungukie.

Semina ilifanyika Satwa, mtaa ambao Wafilipino wameuzoea kama kwao kwa miaka mingi, katika ukumbi wa kukodi wenye mikeka ya mpira sakafuni na kioo ukuta mzima. Watu walikuwa mchanganyiko wa Ghuba yenyewe: wauguzi wa Kihindi, wapishi wa hoteli kutoka Manila na Cebu, walinzi wa Kikenya na Kiganda, na kijana mmoja wa Kirusi mwenye mkanda mweusi wa karate. Mwalimu ni mtu wa Cebu, umri umeshapita miaka 60, mfupi, mpole wa sauti. Siku za kazi hutengeneza viyoyozi. Wote walimwita Guro, ndilo jina la heshima la mwalimu kwao, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kila mtu alipewa fimbo kabla ya kufundishwa chochote. Hapo ndipo sanaa za Ufilipino zinapoachana na karate, ambako silaha, kama ipo, husubiri miaka. Wafilipino huanza na silaha, na mkono mtupu hufuata baadaye. Hoja yao ni kwamba mtu aliye hatarini hushika chochote kilicho karibu, na kwamba mkono uliozoea kuongoza fimbo huwa tayari unazijua njia za kupita hata ukiwa mtupu. Fimbo yenyewe ni ya henzirani, urefu wa sentimita 70 hivi, unene wa sentimita mbili na nusu. Henzirani ni jamii ya mitende, lakini hutambaa juu ya miti mingine ya msituni ikijishikilia kwa miiba. Ukishauambua ufito wake, ndani hukuti uwazi kama wa mwanzi. Ufito umejaa nyuzi mpaka katikati, na ujazo huo ndio unaoufanya ufae kwa kazi hii. Mwanzi ukigongwa sana hupasuka na kutoa vipande vyenye makali. Mti mgumu hauchoki, mfupa ndio huchoka. Henzirani huchakaa taratibu, nyuzi zikilegea moja baada ya nyingine, na zikigongana mbili kwa nguvu hutoa harufu ya kuungua iliyojaza ukumbi wetu kabla ya saa sita mchana, ila haimrushii mtu kibanzi jichoni. Wenye fimbo za zamani huzifunga utepe palipochakaa na kuendelea nazo. Guro alikuwa na fimbo nyingine ya kamagong, mti wa kwao mweusi na mzito sana. Aliipitisha mikononi mwetu tuuonje uzito wake, kisha akairudisha mkobani. Ile ni ya kuzoesha mkono ukiwa peke yako. Hakuna mwalimu mwenye huruma anayeileta kati ya watu wawili.

Baada ya fimbo zikaja namba. Mapigo ya msingi ni 12, na hayapewi majina ya mbinu. Hupewa namba kulingana na mahali yanapokwenda. Kwa hesabu iliyoenezwa na mwalimu Mfilipino Remy Presas, la kwanza huenda kwenye panja la kushoto la mpinzani, la pili kwenye panja la kulia, la tatu na la nne mabegani, la tano ni la kuchoma tumbo, la sita na la saba kuchoma kifua, la nane na la tisa magotini, la kumi na la kumi na moja machoni, na la kumi na mbili utosini. Matawi mengine huyapanga vingine. Mpangilio hauna uzito mkubwa. Wazo lililo ndani yake ndilo lenye uzito. Mwili wa binadamu una njia chache tu za kufikiwa, na anayezijua njia hizo hana haja ya kujua kinachokuja ni kitu gani. Guro alituonyesha jambo hili bila maneno mengi. Alipiga namba mbili kwa fimbo, halafu kwa mwavuli, halafu kwa gazeti lililoviringwa, halafu kwa ngumi, na kila mara msaidizi wake alikinga kwa mwendo ule ule. Kwa wakulima wa Ufilipino silaha ya karibu ilikuwa panga la shambani, ambalo wao huliita bolo, na mwendo wa fimbo umebeba kumbukumbu ya panga hilo: hata ukiwa na henzirani unafundishwa kuukwepa ukingo wake kama una makali.

Tawi la Guro linaitwa Balintawak, na lilizaliwa mjini Cebu. Mwanzo wake uko katika ukoo mrefu kidogo. Mwaka 1920 Lorenzo Saavedra alianzisha huko klabu ya Labangon, na baada ya klabu hiyo kuvunjika, familia za Saavedra na Cañete pamoja na wenzao waliunda Doce Pares mwaka 1932, chama ambacho mpaka leo kina matawi duniani kote. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Venancio Bacon, mwanafunzi wa Saavedra, mtu mfupi mwembamba ambaye watu wa Cebu walimwita Anciong. Mwaka 1952 Bacon alijitenga, akafungua klabu yake nyuma ya duka la fundi saa mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, katika mtaa wa Balintawak, na jina la mtaa likawa jina la sanaa. Kwa miaka mingi iliyofuata watu wa pande hizo mbili walipeana changamoto, na wengine walipambana kwa fimbo bila kofia wala kinga ya mwili. Hadithi za mapambano hayo ni nyingi na kila upande una zake. Mimi huvutwa zaidi na kile chumba cha nyuma cha fundi saa, kwa sababu naamini udogo wa nafasi ulikubaliana na alichokitaka Bacon.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Aliacha fimbo mbili, akaacha fimbo na kisu, akabaki na fimbo moja. Aliacha pia umbali. Watu wa Balintawak husimama karibu kiasi cha kila mmoja kuweza kumgusa mwenzake kifuani, mahali ambapo fimbo ya sentimita 70 inaonekana kuwa ndefu mno kutumika. Hapo mkono wa kushoto, ule usio na fimbo, huwa na kazi kubwa kuliko wa kulia: hugusa kifundo cha mkono wa mpinzani, husukuma kiwiko chake, hushusha fimbo yake, huhisi nguvu inatoka wapi kabla macho hayajaona. Kitako cha fimbo, kile kipande kifupi kinachobaki chini ya ngumi, huwa silaha ya pili ya kunasa na kugonga.

Na katika umbali huo Bacon alifundisha mtu mmoja mmoja. Hakuwa na orodha ya masomo. Alimsimamisha mwanafunzi mbele yake na kumpigia, mwanafunzi akinge na kujibu, yeye alikinge jibu hilo na kupiga tena, bila kituo. Wacebu huyaita mazoezi haya agaki, na maana yake ni kumwongoza mtu. Wanafunzi wake wawili, mwanasheria Jose Villasin na Teofilo Velez, baadaye walikaa wakayapanga mafundisho hayo katika makundi yenye mfuatano, ili anayejifunza asitegemee bahati ya kukutana na pigo fulani siku fulani. Nadhani kazi yao haijasifiwa inavyostahili. Ni rahisi kumwabudu bingwa. Walioketi na kujiuliza bingwa anafanya nini, kwa utaratibu gani, na mtu wa kawaida atakipataje, ndio waliowezesha Balintawak kuvuka bahari. Kijana aliyelelewa na Velez, Bobby Taboada, aliipeleka hadi Marekani na kuzunguka nayo dunia nzima kwa semina.

Sasa niseme nilichokiona.

Siku ya kwanza, baada ya saa kadhaa za kurudia mapigo 12 hewani na kukinga wawili wawili, Guro alimwita mbele dada mmoja muuguzi kutoka Kerala ambaye hakuwa amewahi kushika fimbo ya aina yoyote. Watu walimtazama yule dada. Mimi nilisogea pembeni mwa mkeka nikamtazama Guro. Pigo lake la kwanza lilikuwa namba moja, polepole, lakini lilipita njia yake yote na lilikuwa linakwenda kweli kwenye panja. Dada akalikinga. Guro akapiga lile lile. Akalirudia, akalirudia tena, na kwa muda nilifikiri anamzoesha mkono tu, mpaka nilipoona anachokisubiri: bega la kulia la dada, lililokuwa limepanda karibu na sikio kwa hofu, lilikuwa linashuka. Liliposhuka kabisa, likaja namba mbili.

Hakumwonya, na dada hakulikinga. Fimbo ilisimama upana wa kidole kutoka kwenye ngozi yake, na ikabaki pale. Guro hakuiondoa, hakusema neno, hakuanza upya. Alisubiri mpaka dada mwenyewe akaiona, akaleta fimbo yake mahali ilipotakiwa kuwa, na pale pale zoezi likaendelea, kana kwamba kusita kule kulikuwa sehemu ya mpango. Na kwa kweli kulikuwa sehemu ya mpango. Kosa halikukatiza somo, wala dada hakupata nafasi ya kuona haya.

Baada ya hapo nikaona jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko yote. Mkono wa kushoto wa dada ulikuwa umelala ubavuni, hauna habari. Mwalimu mwingine angesema, tumia mkono wako wa kushoto, na dada angeutumia mara mbili kisha akausahau. Guro alianza tu, kila dada alipojibu, kuishusha fimbo yake kwa kiganja na kuizuia chini. Dada akawa amekwama. Akavuta, ikagoma. Akasukuma, ikagoma. Mara ya tatu au ya nne mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, ukashika kifundo cha Guro na kukiondoa, na fimbo ikawa huru. Guro alitabasamu kidogo na kuongeza mwendo. Tangu hapo ule mkono haukulala tena. Dada alikuwa amefundishwa kwa kupewa shida yenye ukubwa unaomtosha, na jibu alilitoa mwilini mwake mwenyewe.

Mwendo ulipanda hivyo hivyo, kidogo kidogo, na kila mara uso wa dada ulipokaza, mwendo ulishuka. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ugumu wa kazi hii. Guro alikuwa anafanya mambo mengi kwa wakati mmoja: anashambulia kwa usahihi, anajikinga na majibu ya mtu asiyejua bado kuipima nguvu yake, anasoma bega na pumzi na miguu, na kwa kila pigo anaamua upya liwe na kasi gani na litoke wapi. Hakukuwa na nafasi ya kufikiri kati ya pigo na pigo. Uamuzi na pigo vilitoka pamoja. Walipomaliza, dada alikuwa anakinga kwa mwendo ambao asubuhi usingemwingia akilini, na Guro alikata zoezi kabla uchovu haujauharibu mkono wa dada.

Kijana wa Kirusi aliongozwa vingine kabisa. Yeye alikuwa na nguvu na alizitumia, akikinga kwa kishindo cha kumtisha jirani. Guro hakushindana naye. Kila kinga ilipokuja na nguvu ya ziada, aliipokea, akaisindikiza kule ilikokuwa inakwenda, akagusa kiwiko, na kijana akajikuta amegeuka nusu, ubavu wazi, fimbo ya mzee imekaa juu ya mbavu bila kumgonga. Mara nyingi sana alijikuta hapo. Hatimaye mikono yake ikalegea kwa hiari yake, na ilipolegea tu Guro akampa kasi yote aliyokuwa anaitamani tangu asubuhi. Ukumbi ukasikika henzirani tupu.

Zamu yangu nilijifunza jambo ambalo macho peke yake yasingeniambia. Ukiwa mbele ya mtu wa namna hii, hofu haikuachi, lakini inakuwa ya kiasi kinachofaa. Kila pigo linakuja likiwa juu kidogo ya unachokiweza, na mwili unalifuata. Huhisi kuonewa, wala huhisi kubembelezwa. Mguso wa kiganja chake kwenye kifundo changu ulikuwa mwepesi sana, ila nilipofikiria tu kuvuta mkono, kiganja kilikuwa kimeshajua.

Alasiri ile Guro alisahihisha jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni adabu iliyokosea mahali. Watu wengi, wakiwa na mwenzao mgeni, hupiga pembeni ya kichwa ili wasimwumize. Wanaona wanamhurumia. Guro aliwasimamisha na kusogeza fimbo zao mpaka kwenye panja hasa. "Mpigie pale alipo," alisema. "Ukipiga hewa, na yeye atakinga hewa." Nakubaliana naye kwa moyo wote. Pigo la zoezi linaweza kuwa la polepole, linaweza kusimama kabla ya kufika, lakini lazima liwe linakwenda mahali pa kweli. Anayepigiwa pembeni kwa huruma hujenga kinga isiyomlinda, na siku atakapoihitaji atakuwa peke yake.

Siku ya pili wenye uzoefu walipewa kazi ya kuongoza wageni, na Guro alipita kati yao akiwatazama waongozaji. Anayekinga hakumwangalia kabisa. Alimwambia mmoja, kijana mwepesi ambaye wote tulimwona fundi, kwamba anapiga vizuri lakini hamwoni mwenzake. Kijana alikuwa anapiga mfululizo mzuri alioukariri, na mgeni aliye mbele yake alikuwa amepotea tangu pigo la tatu. Mwingine, mama wa makamo, mzito wa miguu, hakuwa na madoido yoyote. Mgeni wake alikuwa anacheka kwa furaha na kukinga. Guro alimwekea mkono begani akapita. Kwa vipimo vyake huyo ndiye aliyekuwa mbele, na sikumwona mtu yeyote ukumbini akibisha.

Remy Presas, ambaye hesabu yake ya mapigo nimeitaja, alikuwa na huruma ya namna yake kwa wanafunzi, na bila hiyo semina kama yetu zisingekuwapo. Alizaliwa mwaka 1936 huko Negros, akajifunza kwa walimu kadhaa, Balintawak ikiwemo. Wazee wa zamani walifundisha kwa kupiga mkono ulioshika fimbo, kwa kuwa vitani ndiyo shabaha bora. Adui asiye na mkono hana silaha. Wanafunzi wengi walitoka hapo na vidole vilivyovunjika na wakaacha. Presas alisisitiza fimbo ipige fimbo wakati wa mazoezi, ili mtu arudi kesho. Mfumo wake aliuita Modern Arnis, na alipohamia Marekani katika miaka ya 1970 aliufundisha kwa kuzunguka mji hadi mji, akikusanya watu wa karate na judo kwa siku chache na kuwaonyesha kwamba mwendo wa fimbo umo tayari ndani ya wanachokijua. Alifariki mwaka 2001. Kabla ya Presas, Wafilipino waliokwenda California kufanya kazi za mashambani walikuwa na sanaa hii lakini waliifundisha wenyewe kwa wenyewe. Angel Cabales alipofungua milango ya chuo chake mjini Stockton mwaka 1966, lilikuwa jambo jipya. Kutoka mji huo huo alitoka Dan Inosanto, aliyemwonyesha Bruce Lee kazi ya fimbo. Kwa hiyo msomaji aliyekulia mikanda ya video na kumwona Bruce Lee akizungusha fimbo mbili katika filamu ya mwaka 1973, Enter the Dragon, alikwisha kuionja eskrima siku nyingi.

Fimbo mbili nazo tulizicheza, saa moja hivi, jioni. Zoezi lake huitwa sinawali, na fimbo nne za watu wawili hupishana juu na chini kama miyaa inavyopishana katika ukili. Linapendeza sana na linafundisha mkono wa kushoto usiwe mgeni. Guro hakulikalia, nami silikalii.

Ila jioni hiyo ilikuwa na jambo ambalo sikulitarajia. Kaka mmoja wa Lamu, anayefanya kazi bandarini, alikuwa amemleta mwanawe na alikaa benchini siku nzima akitazama. Wakati wa mapumziko alinisogelea. "Ndugu yangu," akasema, "hawa wanacheza kirumbizi bila zumari." Tulizungumza. Kirumbizi, kwa wasioujua, ni mchezo wa fimbo wa pwani yetu: wakati wa Maulidi au harusini, ngoma na zumari zikilia, wanaume huingia uwanjani wawili wawili, mmoja akipiga na mwingine akikinga, kwa mdundo. Sidai kwamba kirumbizi na eskrima zina undugu wa damu. Kila moja ina bahari yake na historia yake. Lakini yule kaka alikuwa ameona kitu. Guro alipotafsiriwa maneno yale alimpa fimbo na kumwomba amwonyeshe, na kwa dakika chache mwalimu wa Cebu alimwachia mtu wa Lamu aongoze. Kaka alipiga kwa mwendo wa ngoma isiyokuwapo, kiuno kikiyumba, na Guro alikinga kwa mwendo ule ule, akiufuata mdundo ambao hakuwahi kuusikia. Hakujaribu kumshinda hata mara moja. Alikuwa anajifunza, na alijifunza kwa kuongozwa, kama alivyotufundisha sisi.

Nimesikia watu wakisema semina ni biashara ya kuuza vyeti. Zipo za namna hiyo katika sanaa zote za mapigano, na mtu mwenye busara huziona mapema. Hata semina njema ina mipaka yake. Siku mbili hazimfanyi mtu kuwa mwanaeskrima, na mafundisho yanayotegemea mtu mmoja kumpigia mtu mmoja hayapendi kundi kubwa. Guro alijua hivyo. Hakutufundisha mambo mengi. Alitupa kazi chache za kwenda kufanya na mwenzi mmoja nyumbani, na alirudia mara kwa mara kwamba tumtafute mtu mmoja mvumilivu kuliko kutafuta mwalimu mwenye jina.

Serikali ya Ufilipino nayo imeitambua sanaa hii. Sheria Namba 9850, iliyotiwa saini na Rais Gloria Macapagal Arroyo tarehe 11 Desemba 2009, iliitangaza arnisi, jina jingine la eskrima, kuwa sanaa ya mapigano na mchezo wa taifa. Mwaka 2019, nchi hiyo ilipoandaa Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia, arnisi ilikuwa na medali 20 za dhahabu na wenyeji walichukua 14. Ninafurahi kwa ajili yao. Hata hivyo mashindano yana tabia yake. Ukishavaa kofia ya chuma usoni na kinga nene mwilini, pigo haliumi, na anayejua kwamba haliumi huacha kukinga. Wawili hupigana mvua ya fimbo na waamuzi huhesabu. Michezo hiyo huwapa vijana sababu ya kuanza, na hilo ni jambo kubwa. Ufundi niliouona Satwa hauhesabiki kwa pointi, kwa hiyo utaendelea kutegemea wazee kama Guro na wale wanaokubali kusimama mbele yao.

Basi ukisikia kuna semina ya eskrima mjini kwako, iwe Dubai, Doha, London au Toronto, nenda, hata kama miguu yako ni mizito na hujawahi kupigana maishani. Vaa viatu vyepesi, chukua miwani ya kukinga macho na fimbo ya henzirani iliyonyooka. Usione haya kumwomba mwongozaji apunguze mwendo. Ukimwona amechukia, badilisha mwongozaji. Na ukifika wakati wa wewe kumwongoza mgeni, mpigie pale alipo, polepole, na ulitazame bega lake.